Mali Bila Daftari: Kiswahili katika Ufundishaji wa Biashara na Kompyuta kwa Wanafunzi wa Sekondari wa Makadara, Mombasa

1.0 Utangulizi

Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika maneno hayo machache umo msingi wa uhasibu: mfanyabiashara asiyeandika kilichoingia na kilichotoka hatajua ni lini alianza kufilisika. Mtoto anayelelewa Makadara au Mji wa Kale, katika kisiwa cha Mombasa, huweza kuisikia methali hii nyumbani na kuiona ikitekelezwa dukani kabla hajakanyaga darasa la sekondari. Hata hivyo, anapoanza kusoma Elimu ya Biashara, dhana hiyohiyo humjia ikiwa imevaa lugha nyingine, na aghalabu hapatikani mtu wa kumwambia kwamba ni ileile aliyoizoea.

Makala hii inachunguza pengo hilo. Hoja yake kuu ni kwamba mwanafunzi wa pwani huja shuleni akiwa na msamiati wa biashara uliokomaa, na akiwa na lugha ambayo sarufi yake yenyewe hupambanua mahusiano ya kibiashara. Somo la Kompyuta nalo laweza kujengwa juu ya msingi huohuo. Mwalimu anayeiacha hazina hiyo nje ya mlango humtwika mwanafunzi mizigo miwili kwa pamoja, mzigo wa dhana na mzigo wa lugha, ilhali mmoja kati ya hiyo tayari ameshautua. Makala haidai kwamba Kiingereza kiondolewe katika masomo haya. Inachodai ni kwamba pawepo na daraja, na kwamba wajenzi wa daraja hilo ni pamoja na wale wanaosomea Kiswahili vyuoni.

2.0 Usuli wa Masomo Haya Nchini Kenya

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulitilia mkazo elimu ya ufundi na ya kujitegemea. Katika miaka yake ya mwanzo, taaluma za biashara zilifundishwa katika shule za sekondari kama masomo mbalimbali, yakiwemo Biashara na Uhasibu. Mtalaa uliofanyiwa marekebisho mwaka 2002 uliyaunganisha kuwa somo moja la Elimu ya Biashara. Mtalaa huo ulianza kutekelezwa katika kidato cha kwanza mwaka 2003, na mtihani wake wa kwanza wa kidato cha nne ukafanywa mwaka 2006. Mtihani wa somo hili una karatasi mbili: ya kwanza ina maswali mafupi 25, na ya pili ina maswali 6 ya maelezo ambayo mtahiniwa huchagua 5. Somo la Kompyuta lina karatasi tatu, yaani ya nadharia, ya vitendo na ya mradi ambao mwanafunzi huubuni na kuuandikia ripoti.

Mfumo wa elimu ya umilisi umeyaweka masomo haya mahali pengine. Shule za sekondari za chini zilipokea wanafunzi wa kwanza wa gredi ya 7 mwezi Januari 2023. Mwanzoni, Biashara na Kompyuta zilisimama peke yake. Kuanzia mwaka 2024 zilimezwa na somo pana linalotangulia mafunzo ya kiufundi. Hivyo, mtoto wa miaka kumi na mitatu hivi sasa hukutana na bajeti, fedha na vifaa vya kidijitali katika kitabu kimoja. Wanafunzi wa mwisho wa 8-4-4 wanatarajiwa kufanya mtihani wao wa kidato cha nne mwaka 2027.

Katika mabadiliko yote hayo jambo moja halikubadilika. Masomo haya hufundishwa na hutahiniwa kwa Kiingereza. Kiswahili, ambacho ni somo la lazima katika shule za sekondari na ambacho Katiba ya mwaka 2010 inakitaja kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, husomwa chumba cha pili, kana kwamba biashara na kompyuta hazikihusu.

3.0 Makadara na Mji wa Kale kama Muktadha

Wadi ya Mji wa Kale/Makadara imo katika eneobunge la Mvita. Ukubwa wake si mkubwa, lakini ni vigumu kupata mahali pengine nchini ambapo mwanafunzi anaishi karibu zaidi na yale anayoyasoma katika kitabu cha biashara. Bandari ya Kale, ambako majahazi ya Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi yalifunga gati kwa karne nyingi kwa kufuata pepo za kaskazi na kusi, iko palepale. Upande wa pili wa kisiwa iko bandari ya Kilindini, mlango mkuu wa mizigo ya Kenya, Uganda na nchi nyingine za bara. Kwa mwendo mfupi wa miguu mwanafunzi hufika Marikiti, soko la viungo na mboga, au Mtaa wa Biashara wenye maduka ya leso yanayouza kwa jumla na kwa rejareja. Mada ya chapa na alama za biashara haihitaji picha ya kitabuni mahali ambapo karibu kila nyumba ina leso iliyoandikwa “Mali ya Abdulla”.

Historia ya elimu ya kazi nayo ina mizizi katika kisiwa hiki. Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, iliyojulikana kwa kifupi kama MIOME, ilianza kufundisha mwaka 1951 ikiwa imekusudiwa kuwapa vijana Waislamu wa Afrika Mashariki ujuzi wa ufundi. Baadaye ikafunguliwa kwa wote, ikawa Mombasa Polytechnic, na mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Aidha, mwaka 2009 waya wa mawasiliano wa TEAMS ulipitishwa chini ya bahari kutoka Fujairah, katika Umoja wa Falme za Kiarabu, hadi Mombasa, ukaiunganisha Kenya na ulimwengu wa intaneti yenye kasi. Njia iliyowahi kuleta tende na mazulia ndiyo sasa inayoleta data.

Kwa mintarafu ya lugha, eneo hili lina upekee. Mahali pengi nchini Kenya Kiswahili ni lugha ya pili ya mwanafunzi. Makadara na Mji wa Kale, kwa wanafunzi wengi, ni lugha ya mama, hasa katika lahaja ya Kimvita. Na kwa wasiokuwa Waswahili ni lugha ya mtaani, ya sokoni na ya uwanjani. Wengi wao pia hupitia madrasa, ambako hujifunza hesabu za zaka na mirathi. Mtoto anayejua kwamba zaka ya fedha ni robo ya fungu la kumi, yaani sehemu moja ya arubaini, ameshajua asilimia 2.5 kabla ya kufundishwa alama ya asilimia.

4.0 Hazina ya Msamiati wa Biashara

Ukiufungua msamiati wa biashara wa Kiswahili utaona ndani yake historia nzima ya Bahari ya Hindi. Neno biashara lenyewe huhusishwa na maneno ya Kiarabu yenye maana ya kuuza na kununua. Faida, hasara, deni, rehani, amana, dalali, mnada, hawala na ushuru yana asili ya Kiarabu. Kutoka Bara Hindi yamekuja maneno kama bima, hundi, laki na bepari, ambalo asili yake lilimaanisha mfanyabiashara tu kabla halijachukua maana ya kisiasa. Juu ya tabaka hizo yakaja ya Kiingereza: benki, cheki, akaunti, bajeti. Na chini ya yote yamelala ya Kibantu: kuuza, kununua, kulipa, kukopa, mchuuzi.

Baadhi ya maneno haya yanabeba mada nzima. Arbuni ni fedha anazotanguliza mnunuzi ili aonyeshe kwamba amekusudia kweli kununua. Mwalimu akilitaja neno hilo, somo la mkataba wa mauzo limeshaanza, kwa kuwa wanafunzi watauliza wenyewe: je, mnunuzi akibadili nia, arbuni hurudishwa? Mali kauli ni bidhaa anazochukua mfanyabiashara kwa ahadi ya mdomo kwamba atazilipia akishauza. Hapa pana swali zito la kisheria na la kihasibu: kabla bidhaa hazijauzwa, ni mali ya nani? Zikiungua usiku, hasara ni ya nani? Mwanafunzi aliyewahi kumwona mjomba wake akichukua mali kauli anaweza kulijadili swali hilo kwa kina kuliko mwenzake aliyekariri fasili ya kitabuni.

Neno rasilimali ni mfano mwingine mzuri. Asili yake ni maneno mawili ya Kiarabu yenye maana ya kichwa cha mali, yaani ile fedha ya kwanza ambayo biashara yote huiotea. Ajabu ni kwamba neno la Kiingereza linalotumiwa kwa dhana hiyo nalo lina asili ya neno la Kilatini lenye maana ya kichwa. Lugha mbili zilizotengana kwa bahari ziliiona fedha ya kuanzia kwa sura moja.

Hata hivyo, mfano huohuo unatoa onyo. Katika Kiswahili cha leo rasilimali limepanuka hadi kumaanisha mali asili, watu na kila kitu kinachoweza kuzalisha, na nafasi yake ya awali imechukuliwa kwa kiasi kikubwa na neno mtaji. Vivyo hivyo, mkopo hutumika kwa fedha zilizoazimwa benki na kwa bidhaa zilizochukuliwa bila kulipwa. Faida hutumika kwa pato la biashara na kwa manufaa ya kula mboga. Hesabu ni somo, ni tendo la kuhesabu na ni rekodi za fedha. Mwalimu akiyatumia maneno haya bila kuyafafanua atajenga daraja lenye mashimo. Ni sharti aseme mapema kwamba faida ghafi ni tofauti kati ya mauzo na gharama ya bidhaa zilizouzwa, na kwamba faida halisi hupatikana baada ya kutoa kodi, mishahara na matumizi mengine.

5.0 Sarufi Inayofundisha Biashara

Zaidi ya msamiati, mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili hueleza uhusiano wa pande mbili za biashara kwa uwazi mkubwa. Mzizi -dai humpa mdai, na kauli ya kutendwa humpa mdaiwa. Hali kadhalika, kitenzi -wia hutoa mwia, na -wiwa hutoa mwiwa. Herufi moja tu, w, ndiyo inayotenganisha anayengoja fedha na anayetakiwa kuzitoa. Mwajiri na mwajiriwa hufuata kanuni hiyohiyo. Wanafunzi wanaotatizika kukumbuka ni yupi katika istilahi mbili za Kiingereza zinazofanana anayedaiwa wanaweza kuongozwa na kauli ya kutendwa wanayoitumia kila siku.

Kauli ya kutendesha nayo ina kazi yake. Anayekopa huchukua, anayekopesha hutoa. Anayekodi nyumba ni mpangaji; anayekodisha ni mwenye nyumba. Kiingereza kina kitenzi kimoja cha kawaida kinachoweza kutumiwa na pande zote mbili za mkataba huo wa mwisho, kwa hivyo muktadha ndio huamua. Kiswahili hakiachi shaka. Kutoka weka hupatikana wekeza, kitenzi kinachofundisha kwamba uwekezaji ni kuiweka fedha mahali ifanye kazi. Kutoka zaa hupatikana zalisha, yaani kukifanya kitu kizae, na hiyo ndiyo fasili fupi ya uzalishaji mali. Kutoka gawa hupatikana gawio, fungu la faida linalomfikia mwenye hisa.

Hapa ndipo mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Biashara wanapoweza kusaidiana. Kipindi cha mnyambuliko kinachotumia mifano ya kupigapiga na kuchezacheza kingeweza kutumia mdai na mdaiwa, kukodi na kukodisha. Mwanafunzi angejifunza sarufi na biashara kwa pumzi moja.

6.0 Suala la Riba

Ipo dhana moja katika mtalaa ambayo tafsiri yake haiwezi kupitwa kwa haraka katika mazingira ya Makadara. Mada za benki na mikopo huzungumzia malipo ya ziada anayotoza mkopeshaji. Kiswahili huyaita riba. Katika kitabu cha Elimu ya Biashara, malipo hayo ni bei ya kutumia fedha za mtu mwingine, basi. Katika sheria ya Kiislamu, riba ni jambo lililoharamishwa. Mwanafunzi Mwislamu anaposikia neno hilo, haoni bei, anaona hukumu.

Mwalimu anaweza kulikwepa suala hili kwa kulitaja neno la Kiingereza pekee. Akifanya hivyo, mwanafunzi ataandika jibu sahihi katika mtihani huku akibaki na shaka moyoni kama somo lenyewe linamhusu. Njia yenye tija zaidi ni kulikabili. Mwalimu hufafanua maana ya kiuchumi, hueleza kwamba katika sheria ya Kiislamu neno hilo lina uzito wa kidini, kisha huonyesha njia mbadala zinazotambulika: ubia, ambapo pande mbili huchangia mtaji au kazi na kugawana faida, na murabaha, ambapo mwenye fedha hununua bidhaa na kumuuzia mteja kwa bei ya juu iliyotajwa wazi na kulipwa kwa awamu. Hili si suala la nadharia tupu. Benki mbili za kwanza nchini Kenya zinazofuata kikamilifu misingi ya sharia zilianza kuhudumia wateja mwaka 2008. Mwanafunzi anayezifahamu njia zote hizi ameongeza maarifa yake, na mtihani hautamshinda.

7.0 Istilahi za Kompyuta: Zilizotumika na Zilizosahaulika

Somo la Kompyuta halina msamiati wa karne nyingi wa kuegemea, lakini halina upungufu kama inavyodhaniwa. Msingi wa mashine hii ni tarakimu mbili, sifuri na moja. Neno sifuri lina asili ya Kiarabu, na katika Kiarabu hichohicho, kwa kupitia lugha za Ulaya, ndimo lilimotoka neno la Kiingereza la tarakimu hiyo. Hata neno la kimataifa la hatua za kutatua tatizo, algorithi, limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9. Mwanafunzi wa Mji wa Kale akielezwa hayo hatakiona chombo hiki kuwa cha wageni watupu.

Istilahi za taaluma hii zimepatikana kwa njia tatu hasa. Njia ya kwanza ni utohozi: kompyuta, intaneti, diski, programu, faili. Ya pili ni uundaji wa maneno mapya kwa kuunganisha: tarakilishi, ambalo huelezwa kuwa limetokana na tarakimu na akili, kipakatalishi, yaani tarakilishi ya kupakatwa mapajani, nenosiri, hifadhidata na lahajedwali. Ya tatu ni upanuzi wa maana: kipanya, dirisha, kumbukumbu, mtandao, hifadhi.

Njia hii ya tatu ndiyo iliyo na nguvu kubwa darasani. Chukua vitenzi pakua na pakia. Jikoni, kupakua ni kutoa chakula chunguni na kukitia sahanini. Bandarini, kupakia ni kuingiza shehena chomboni, na kupakua ni kuitoa. Kwa mwanafunzi wa Mombasa, kupakua faili kutoka mtandaoni hakuhitaji fasili. Kunahitaji swali moja tu: chungu kiko wapi na sahani iko wapi? Akijibu kwamba chungu ni seva ya mbali na sahani ni kompyuta iliyo mbele yake, ameelewa mwelekeo wa data, na hatachanganya tena kupakia na kupakua.

Juhudi za kuziweka istilahi hizi katika matumizi si haba. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Katikati ya mwongo huohuo kampuni ya Microsoft nayo ilitoa sura ya Kiswahili ya programu zake. Mombasa ilikuwa na mchango wake mapema zaidi. Marehemu Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi na mjuzi wa lugha aliyezaliwa Lamu na kuishi Mombasa, alitetea kwa miaka mingi wazo la kuunda istilahi mpya kutokana na hazina ya lahaja za Kiswahili. Neno runinga ni miongoni mwa yale yanayonasibishwa naye.

Runinga limeishi, maneno mengi ya orodha za istilahi yamelala vitabuni. Tofauti imeletwa na matumizi. Runinga lilichukuliwa na vyombo vya habari na vitabu vya shule, likasikika kila siku. Ushahidi mwingine ni huduma ya M-Pesa, iliyoanza mwezi Machi 2007. Mamilioni ya Wakenya walijifunza kutuma, kutoa, kuangalia salio, kumtafuta wakala na kuficha namba ya siri bila kuingia darasa lolote. Hapo biashara na kompyuta zilikutana mkononi mwa mama muuza viazi, na lugha iliyosikika sana katika mkutano huo ilikuwa Kiswahili. Kama istilahi zinaweza kukita mizizi katika kibanda cha wakala, zinaweza pia kukita darasani, ikiwa zitatumiwa.

8.0 Mfano wa Kipindi

Yafuatayo ni mapendekezo ya kipindi kinachounganisha masomo yote mawili. Mwalimu huanza kwa Kiswahili na kwa hali ya mtaani. Mwenye duka la leso amenunua korja 2 za doti za leso, yaani doti 40, kwa sh. 600 kila doti. Ametoa arbuni ya sh. 4,000 na kilichobaki atalipa baada ya mwezi mmoja. Wanafunzi hutaja mwia na mwiwa, kisha hukokotoa: thamani ya mali ni sh. 24,000, na deni ni sh. 20,000.

Katika hatua ya pili tukio huandikwa daftarini. Wanafunzi huongozwa na maswali mawili: duka limepokea nini, na limetoa nini? Limepokea mali ya sh. 24,000. Limetoa fedha taslimu sh. 4,000 na ahadi ya sh. 20,000. Kilichopokelewa huandikwa kushoto. Kilichotolewa, pamoja na ahadi, huandikwa kulia. Pande zote mbili zinalingana. Huo ndio uingizaji maradufu, utaratibu ambao Luca Pacioli aliueleza katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494. Hapo ndipo mwalimu hutaja istilahi za Kiingereza za kila upande na kuziandika ubaoni kando ya zile za Kiswahili. Kuanzia hapo, zoezi la maandishi hufanywa kwa Kiingereza.

Hatua ya tatu huleta tatizo. Mwezi umekwisha na doti 20 tu ndizo zilizouzwa, kila moja kwa sh. 750. Mauzo ni sh. 15,000. Gharama ya doti hizo ni sh. 12,000. Faida ghafi, kwa hiyo, ni sh. 3,000. Lakini mwia amesimama mlangoni akitaka sh. 20,000, na sandukuni mna sh. 15,000 tu. Mwenye duka ana faida lakini hana pesa za kulipa deni. Wanafunzi wengi, na wafanyabiashara wengi pia, hushindwa kupambanua mambo hayo mawili. Methali ya kukopa harusi, kulipa matanga hupata hapa maana ya kihasibu, na mwanafunzi huelewa kwa nini duka lenye wateja linaweza kufungwa.

Hatua ya nne huhamia kwenye kompyuta. Katika lahajedwali, seli moja huwekwa idadi ya doti zilizouzwa, nyingine bei, na ya tatu fomula inayozizidisha, kwa mfano =B2*C2. Seli nyingine huonyesha kilichosalia baada ya kutoa deni. Mwanafunzi hubadilisha idadi na kutazama matokeo yakibadilika hadi agundue kwamba mwenye duka angehitaji kuuza doti 27, zenye thamani ya sh. 20,250, ili aweze kulipa. Fomula sasa si alama za kukariri. Imekuwa jibu la swali ambalo mwanafunzi alitaka kulijua. Pasipo na kompyuta za kutosha, jedwali hilo huchorwa ubaoni, kila mwanafunzi akawa seli yenye kazi yake.

9.0 Pingamizi na Majibu Yake

Pingamizi la kwanza ni kwamba mtihani ni wa Kiingereza, hivyo Kiswahili kitawachelewesha wanafunzi. Pingamizi hili lina uzito, na ndiyo sababu kipindi kilichopendekezwa huishia katika Kiingereza. Hata hivyo, mtahini husahihisha ufahamu. Mradi wa utafiti wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 na kuhusisha Tanzania na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba wanafunzi wa sekondari nchini Tanzania walielewa na kushiriki vyema zaidi walipofundishwa kwa Kiswahili kuliko kwa Kiingereza. Dhana iliyoeleweka huhamishika. Fasili iliyokaririwa hupotea swali linapogeuzwa kidogo.

Pingamizi la pili ni kwamba wanafunzi wa Makadara si Waswahili wote. Hilo ni kweli. Wapo Wamijikenda, Wahindi, Waarabu na watu wa bara. Lakini hakuna lugha nyingine inayowakutanisha wote hao sokoni. Pingamizi la tatu linahusu istilahi zinazoshindana: kompyuta, tarakilishi na ngamizi, kipanya na puku. Shule inaweza kuchagua moja na kuitumia bila kuyumba. Ushindani wa maneno humalizwa na watumiaji, wala si mijadala pekee.

10.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba msamiati, sarufi na maisha ya biashara ya Makadara na Mji wa Kale vinaweza kumsaidia mwanafunzi kuelewa masomo ambayo hutahiniwa kwa lugha nyingine. Kinachohatarika ni vitu viwili. Cha kwanza ni mwanafunzi mwenyewe, anayejua lakini haonekani kujua. Cha pili ni Kiswahili. Maneno kama mali kauli, arbuni, korja na mwia yamo vinywani mwa wazee wa madukani. Yasipotumiwa na vijana yatabaki katika kamusi, na lugha iliyoendesha biashara ya Bahari ya Hindi itaachiwa mashairi na salamu.

Wanafunzi wa Kiswahili vyuoni wana nafasi ya kulizuia hilo. Walimu wa sekondari nchini Kenya kwa kawaida hufuzu katika masomo mawili, na anayesomea Kiswahili pamoja na Biashara au Kompyuta amebeba nguzo zote mbili za daraja. Yapo mambo matatu yanayoweza kuanzwa bila kungoja sera mpya: kukusanya msamiati wa biashara kutoka kwa wauzaji wa Mtaa wa Biashara, Marikiti na Bandari ya Kale; kuandaa faharasa fupi ya istilahi za Elimu ya Biashara na Kompyuta kwa kufuata mada za mtalaa; na kuitumia faharasa hiyo wakati wa mazoezi ya kufundisha, ili walimu wakongwe waipime na kuirekebisha. Daftari lipo wazi. Kazi iliyobaki ni kuandika.